Unaona nini? Miezi mitatu ya mwanagenzi wa sayansi kati ya Kitale na Bungoma

Asubuhi Kitale huwa na baridi ya kuvalia sweta hata mwezi wa jua. Msichana wa mwaka wa tatu, mwanafunzi wa biokemia, ameinamia trei ya mahindi ndani ya maabara ya mbegu. Punje zimelala ndani ya maji usiku kucha na sasa ni laini. Anashika wembe, anapasua punje katikati kwa urefu, ukali wa wembe ukipita juu ya kiini. Nusu moja anaitupa. Nusu ya pili anaitumbukiza katika maji yaliyotiwa dawa iitwayo tetrazoliamu, maji yasiyo na rangi yoyote.

Saa chache baadaye anazitoa. Punje zimegawanyika makundi. Nyingine zimekuwa nyekundu kama damu pale kwenye kiini, nyingine zimebaki nyeupe. Mbegu iliyo hai hupumua, na hidrojeni itokanayo na kupumua huko ndiyo huigeuza dawa ile ikawa nyekundu. Iliyokufa haipumui, kwa hivyo haibadiliki. Mambo haya msichana huyu aliyasoma darasani na kuyajibu katika mtihani, akapita.

Msimamizi wake, mama wa makamo aliyekaa miaka mingi katika maabara, anasimama nyuma yake.

"Unaona nini?"

"Hii ni hai, madam. Imekuwa nyekundu."

"Nyekundu wapi?"

Msichana anaitazama tena. Chipukizi la juu ni jekundu. Ncha ya mzizi ni nyeupe. Punje hii ingepandwa kule Kwanza au Endebess ingejaribu kuinuka, kisha ikose mguu wa kusimamia. Mkulima angengoja wiki mbili, aone pengo kwenye mstari, aseme mbegu ilikuwa mbovu au ndege wameila. Anaiondoa kwenye kundi la zilizo hai na kuandika upya. Mama amekwisha kwenda kwenye meza nyingine.

Nimewafuata vijana wa namna hii kwa muda sasa, hapa Kitale na kule Bungoma. Wenyewe husema wako "atachimenti". Vitabu husema mafunzo ya nyanjani, na mimi napenda neno la zamani zaidi, mwanagenzi, kwa sababu lilikuwepo kabla ya vyuo: mtu anayejifunza kazi akiwa ameketi karibu na mwenye kazi. Kwa kawaida huwa ni miezi mitatu. Kijana hubeba barua kutoka chuoni, cheti cha bima, na logibuku, lile daftari la kuandika kazi ya kila siku. Mhadhiri huja mara moja au mbili kumkagua. Wengine wametoka Kibabii, chuo kikuu kilichopata hati yake mwaka 2015 hapo Bungoma. Wengine wametoka Masinde Muliro, Kakamega, na wengine ni wa diploma kutoka Kitale National Polytechnic au Sang'alo.

Kabla ya kuzungumzia hali yao, nataka msomaji aijue hali ya wenzao wa mbali. Tangu mwaka 1997 kuna mpango uitwao Vulcanus, unaowachukua wanafunzi wa sayansi na uhandisi kutoka nchi za Umoja wa Ulaya na kuwapeleka katika viwanda vya Japani. Kijana wa Ureno au Finland hufika Tokyo mwezi Septemba. Hatupwi kiwandani siku ya pili. Kwanza hufundishwa Kijapani kwa miezi minne, kutwa nzima, ndipo aingie kiwandani kwa miezi minane. Hupewa posho ya kujikimu, na kampuni inayompokea humpa mahali pa kulala. Ni mwaka mzima wa mtu mmoja, na miezi minne yake ni ya kumwezesha tu kuelewa anachoambiwa na fundi aliye pembeni yake.

Kwa Wajapani hilo ni jambo la maana sana. Mahali kazi inapofanyika wao hupaita gemba, na wanaamini kwamba anayetaka kujua tatizo sharti aende pale pale, asimame, atazame. Kijana mwenye digrii husimama kando ya mtu aliyekaza parafujo kwa miaka thelathini, na hutarajiwa kunyamaza na kuangalia.

Kwa hivyo sioni kwamba vijana wetu wako katika ulimwengu mwingine. Kazi ni ile ile. Kinachotofautiana ni muda wanaopewa na namna wanavyopokelewa.

Na mahali pa kujifunzia tunapo. Hili huniuma watu wa Trans Nzoia wanapolisahau. Kampuni ya Kenya Seed ilianzishwa hapa Kitale mwaka 1956, ikianza na mbegu za nyasi za malisho. Wakati huo huo, katika kituo cha utafiti kilicho hapa hapa mjini, ambacho leo ni cha KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo, mtafiti Michael Harrison alikuwa anahangaika na mahindi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alizuru Amerika ya Kilatini, mahindi yalikozaliwa, akarudi na mbegu za aina mbalimbali. Moja yao, Ecuador 573, ilipandwa karibu na mahindi yaliyokuwa yameboreshwa hapa, Kitale Synthetic II. Zote mbili zilikuwa mahindi ya kawaida tu. Zilipochanganywa, mtoto wao aliwapita wazazi wote wawili kwa mbali. Mwaka 1964 mbegu hiyo chotara ilitolewa kwa jina H611, na jamaa zake waliofuata, 613, 614 na wengine, ndio waliolisha nchi hii. Bibi aliye Cherangani asiyejua kusoma hutaja "six-fourteen" kama anavyotaja jina la mjukuu.

Nani aliyefanya chotara hao wawezekane shambani? Vibarua. Mbegu chotara huzalishwa kwa kupanda mistari ya majike na mistari ya madume katika shamba moja, kisha kung'oa mbelewele za majike yote kabla hazijamwaga chavua. Mbelewele moja ikisahaulika, chavua yake huyazalisha majike mengine na mbegu huharibika. Kwa hivyo watu hupita mstari kwa mstari, alfajiri umande ukiwa bado unalowesha suruali hadi magotini, siku baada ya siku, kwa sababu mahindi hayatoi mbelewele siku moja. Wanagenzi hupelekwa huko pia. Kijana mmoja wa sayansi ya mimea aliniambia kwamba siku ya kwanza alipita mstari mzima akidhani ameumaliza. Kibarua aliyemfuata, mama mwenye mtoto mgongoni, aling'oa nne alizoziacha. "Hutafuti kilichochomoza," mama alimweleza. "Papasa jani la juu. Likiwa nene, imo ndani." Kijana alikuwa na alama nzuri katika jenetiki. Kupapasa jani lilikuwa jambo geni kwake.

Mimi mwenyewe nilikuwa mwanagenzi zamani, kabla sijashika kalamu hii, katika kiwanda ambacho sitakitaja. Wiki mbili za mwanzo nilifagia. Wiki ya tatu nilitumwa chai. Kuanzia wiki ya nne nilikaa kwenye benchi nje ya maabara nikinakili namba kutoka karatasi hadi karatasi. Hakuna aliyenionea kwa makusudi. Hakuna tu aliyekuwa amepewa kazi ya kunifundisha, na kila mtu alikuwa na yake. Logibuku yangu ilijaa maneno mazuri niliyoyatoa vitabuni, ikapigwa muhuri, nikapata alama. Hadi leo nikiona kijana amekaa kwenye benchi la nje, naijua saa hiyo inavyokwenda polepole.

Kutoka Kitale matatu ya Bungoma hupitia Kiminini, Kamukuywa na Misikhu, mahindi yakianza kuiachia miwa nafasi kadiri unavyoshuka, hadi Webuye. Wazee wa hapa hukumbuka kwamba zamani ungejua umefika Webuye macho yakiwa yamefumbwa, kwa ile harufu ya mayai viza. Pan African Paper Mills ilianza kutengeneza karatasi mwaka 1974, na ilipika mbao kwa kemikali zenye salfa. Kilikuwa kiwanda cha kujifunzia kemia kisichokuwa na mfano katika eneo hili: magogo yakiingia upande mmoja, karatasi ikitoka upande wa pili, na katikati ni maji, mvuke, klorini na chokaa. Mwaka 2009 kilifungwa. Kilifufuliwa na kufa tena, hadi mwaka 2016 kilipouzwa kwa kampuni ya Rai. Watu hukumbuka ajira zilizopotea, na ni haki yao. Mimi huwaza pia juu ya wale wanagenzi ambao hawakuingia katika miaka hiyo. Kiwanda kikifungwa, mafundi hutawanyika na kurudi mashambani, na kile walichokijua mikononi huenda nao. Mashine unaweza kuinunua upya.

Bungoma yenyewe ni miwa. Nzoia Sugar iliundwa mwaka 1975, ikaanza kusaga mwaka 1978 kule Bukembe, na mwaka 2025 serikali iliikodisha kwa kampuni ya sukari ya West Kenya kwa miaka 30. Tangu hapo utasikia kila aina ya maoni kuhusu hatua hiyo, katika hoteli zote za mjini. Nitayaacha kwa leo, kwa sababu nilichokifuata katika ukanda huu wa miwa kilikuwa kidogo zaidi: uji mzito wa sukari, kiasi cha tone moja.

Katika maabara ya kiwanda cha sukari mwanagenzi hukutana na vyombo viwili. Cha kwanza ni rifraktomita. Unadondosha juisi juu ya kioo, unasoma ni kiasi gani cha vitu kimeyeyuka ndani yake, na kipimo hicho huitwa briksi. Lakini briksi haisemi kweli yote, maana huhesabu hata vitu visivyo sukari. Kwa hiyo kuna chombo cha pili, polarimita. Mwanga uliochujwa utetemee upande mmoja tu hupitishwa ndani ya juisi, na sukari ya miwa huuzungusha kuelekea kulia. Kadiri sukari ilivyo nyingi, ndivyo unavyozunguka zaidi. Muwa ukikatwa na kulala juani siku nne, tano, sukari yake huanza kuvunjika, na sukari iliyovunjika huuzungusha mwanga kwenda kushoto.

Kijana niliyezungumza naye, wa kemia ya viwandani, alikuwa ameisoma sura hiyo chuoni kama sura ya mwanga. Siku moja alipima juisi ya trela lililokuwa limekaa foleni muda mrefu, kipimo kikashuka. Alidhani amekosea. Akapima tena, kikawa vile vile. Alipotoka nje aliwaona madereva wamelala chini ya matrekta yao, na miwa imegeuka rangi kwenye ncha zilizokatwa. "Niliona kwa macho yangu ile hasara ikitembea," aliniambia. Mkulima wetu kwa miaka mingi amelipwa kwa uzani, kwa hivyo hasara ya kwanza anayoiona ni ya maji yaliyokauka. Ile ya sukari iliyovunjika hajaambiwa. Kijana alitaka kujua kwa nini mkulima haambiwi. Swali hilo halimo katika mtaala wowote, na nadhani ndilo bora zaidi alilouliza katika miezi mitatu.

Lakini mwalimu wake mkubwa hakuwa maabarani. Alikuwa juu, kwenye jukwaa la chuma, penye joto la kukuvua shati, ambako sukari hupikwa. Kazi hiyo ina mtu wake maalumu, mpishi wa sukari, na katika zamu huyo ni mfalme. Mzee niliyemkuta hapo alianza kama kibarua wa kufagia makapi ya miwa. Hana cheti cha kemia. Vijana humwita Mzee, naye akiwapokea huwaambia "Mulembe" na kuwasogezea ndoo iliyopinduliwa wakae.

Sukari haipikwi kama chai. Ikipata moto mkali huungua na kuvunjika. Kwa hiyo hupikwa ndani ya chungu kikubwa kilichofungwa, hewa ikiwa imenyonywa, ili maji yachemke kwenye joto la chini, nyuzi 60 hadi 70 hivi. Mwanagenzi aliyekulia Kitale hana haja ya kuelezwa sana. Huko kwao, mita 1,900 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi na maji huchemka kwenye nyuzi zipatazo 94, ndiyo maana maharage ya mama huchukua muda mrefu kuiva kuliko ya Mombasa. Chungu cha sukari ni mlima uliofungiwa ndani ya chuma. Maelezo hayo ni yangu. Mzee alicheka, akasema yeye hajawahi kufika Mombasa lakini maharage ya Kitale anayajua.

Uji ukifikia uzito unaotakiwa, mpishi hutia mbegu. Ndivyo nilivyosikia ikiitwa, na nilishtuka kulikuta neno hilo hapo baada ya kulizoea Kitale. Ni sukari iliyosagwa laini sana, kiasi kidogo mno. Kila chembe huwa mahali pa kushikia: sukari iliyoyeyuka huja kuigandamia, chembe inakua. Ikitiwa mapema, chembe huyeyuka na kupotea. Ikichelewa, uji hujizalia chembe zake wenyewe, ndogo ndogo zisizo na mpangilio, na baadaye molasi hukataa kutengana nazo.

Sasa mpishi hujuaje kwamba wakati umefika? Vipimo vipo ukutani, na mzee huvitazama. Kisha huchomoa fimbo ya shaba iliyo ubavuni mwa chungu, ikija na kipande cha uji wa rangi ya asali. Huupaka juu ya kioo na kuuinua dhidi ya taa. Halafu hutia kidogo kati ya kidole gumba na cha shahada, akavitenganisha polepole. Uzi wa sukari hunyooka katikati ya vidole, unarefuka, unakatika. Huangalia unakatikia wapi.

Nilimwona akimpa yule kijana kioo.

"Wewe unaona nini?"

"Chembe, Mzee. Ni ndogo."

"Zote sawa?"

Kijana alikigeuza kioo, akakisogeza karibu na taa. Jasho lilimtiririka hadi kwenye kidevu. Alichukua muda mrefu, na mzee hakumharakisha ijapokuwa chungu kilikuwa kinaunguruma nyuma yao.

"Kuna nyingine kama vumbi. Hapa pembeni."

Mzee alifungua maji kidogo kwenye chungu ili zile za vumbi ziyeyuke na zile kubwa zibaki. Hakusema umejibu vizuri. Alimrudishia fimbo, akamwambia achomoe mwenyewe baada ya dakika tano.

Hapa ndipo nina neno na wakuu wa viwanda na serikali. Msichana wa mbegu amepanga chumba cha mabati mtaa wa Matisi, na kodi inatoka kwa mama yake anayeuza mboga. Kijana wa sukari hutembea asubuhi na jioni kwa sababu nauli ya boda ni chakula chake cha mchana. Wote wawili hawalipwi chochote. Nimewajua wengine waliokataa nafasi nzuri wakachukua mbaya iliyo karibu na nyumbani kwa shangazi. Kwa namna hiyo tunawachuja vijana kwa mifuko ya wazazi wao, kisha tunashangaa kwamba maabara zimejaa watoto wa familia zile zile. Kila mwajiri nchini hutozwa Sh50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi kwa ajili ya mafunzo ya viwandani, chini ya mamlaka ya NITA. Ni fedha za kazi hii hasa. Sioni kwa nini sehemu yake isiwe nauli na ugali wa mwanagenzi, na sehemu nyingine iwe nyongeza kwa mshahara wa yule mama wa maabara na yule mzee wa chungu, ili kufundisha kuhesabiwe kuwa kazi yao, wasifanye kwa wema wao tu.

Na muda uongezwe. Miezi mitatu katika shamba la mbegu haifikishi mahindi kutoka kupandwa hadi kuvunwa, maana aina za nyanda za juu huchukua miezi sita na zaidi. Mwanagenzi huona mbelewele na asione mavuno, au huona mavuno akiwa hajui yalikotoka.

Japani haiko mbali na kaunti hizi kama inavyodhaniwa. Mradi wa SHEP wa wakulima wadogo wa mboga na matunda, ulioendeshwa na Wizara ya Kilimo pamoja na JICA, shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa, kuanzia mwaka 2006, ulianzia katika wilaya nne tu, na mbili kati yake zilikuwa Trans Nzoia na Bungoma. Jambo lao kubwa lilikuwa rahisi kulisema: wakulima waende sokoni kwanza, waulize wenyewe kinachotakiwa na lini, ndipo warudi kupanda. Ni gemba tena. Wazo hilo lililojaribiwa kwenye nyanya na vitunguu vya watu wetu limepelekwa nchi nyingi za Afrika. Mwaka 2013, kwenye TICAD, mkutano wa Japani na nchi za Afrika, kule Yokohama, Waziri Mkuu Shinzo Abe alitangaza mpango wa kuwasomesha vijana wa Afrika shahada ya uzamili Japani na kuwaingiza katika kampuni za huko kama wanagenzi. Wakenya wamo miongoni mwao kila mwaka.

Msichana wa mbegu anaujua mpango huo. Amebandika karatasi ya masharti yake ukutani, juu ya jiko la mafuta ya taa. Nilimuuliza angeenda kujifunza nini, nikitarajia jibu kuhusu mashine kubwa. Alisema anataka kuona jinsi wao wanavyomfundisha mtu mgeni, ili akirudi Kitale asimwache mtu kwenye benchi.

Usiku huo alikuwa na logibuku magotini. Kesho mhadhiri anakuja. Chini ya tarehe alikuwa ameandika idadi ya punje alizopima, 400, mia mia mara nne, na ngapi zilikuwa hai. Kisha sentensi moja nje ya mstari, kwa kalamu ya rangi nyingine: *Angalia ncha ya mzizi kwanza.*